Tulibomoa ukumbi, tukanunua feni

KILA mwaka ufikapo mwezi wa Machi, wakati upepo wa kaskazi umekwisha kulegea na mvua ya masika haijaingia, mama yangu mzazi huhama chumba chake cha kulala. Hahami mbali. Hubeba mkeka na mto wake akaenda kujinyoosha penye kituo cha ngazi, orofa ya pili ya jumba letu la kupangisha mtaani Majengo, Mombasa, na mlango akauacha wazi nyuma yake. Wapangaji wanaorejea kutoka kazi za usiku wamekwisha kumzoea. Humpita wakinyata, na aliye macho humwamkia kwa sauti ya chini.

Si kwamba chumbani hamna feni. Mna mbili, moja ya darini na nyingine ya kusimama, na zote huzunguka usiku kucha zikisukuma hewa ile ile ya moto kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Tokeni za umeme huyeyuka kama barafu juani na usingizi haupatikani.

Mahali hapo hapo liliposimama jumba hilo palikuwa na nyumba ya nyanya yangu. Ilikuwa nyumba ya udongo na fito, imepigwa lipu na kupakwa chokaa, na paa lake lilikuwa la makuti. Haikuwa na feni hata moja na simkumbuki mtu yeyote aliyelala ngazini. Ngazi zenyewe hazikuwapo.

Tuliibomoa sisi wenyewe, na kwa furaha. Nani asiyetaka jumba la orofa nne lenye wapangaji na kodi kila mwisho wa mwezi? Ami yangu mmoja alisimama siku ile akitazama ukuta wa mbele ukiporomoka, akasema sasa tumetoka katika ushamba. Ilituchukua miaka kadhaa kutambua kwamba pamoja na ushamba huo tulikuwa tumebomoa kitu kingine ambacho hakikuwa na jina katika ramani ya mchoraji wetu.

Kitu hicho ni ukumbi. Msomaji aliyekulia pwani anaifahamu nyumba ya Kiswahili: mlango wa mbele unafunguka kwenye baraza, na mlango wa nyuma unafunguka uani. Baina ya milango hiyo miwili kuna ukumbi ulionyooka kama rula, na vyumba vimepangwa huku na huku. Milango yote miwili ikiwa wazi, upepo huingia kwa mbele ukatokea kwa nyuma, au kinyume chake, na njiani huvuta hewa ya vyumbani. Jiko liko uani, kwa hivyo moto wa kupikia haukai na watu. Juu, ukuta haukufika kwenye paa. Palikuwa na uwazi ambamo hewa ya moto, ambayo daima hupanda, ilipata njia ya kutoka. Nalo paa lilishuka chini sana mbele ya nyumba likaifunika baraza yote, hata jua la saa tisa lisiweze kuugusa ukuta.

Nyanya hakusomea mambo ya ujenzi. Wala fundi aliyeijenga nyumba ile hakusoma. Lakini ukimpa mhandisi wa leo nyumba hiyo aieleze, atasema kwamba imefuata kanuni zote tatu za kujikinga na joto mahali penye unyevu: zuia jua lisifike ukutani, ipe hewa njia ya kuingia na njia ya kutoka, na usiweke ndani kitu kitakachohifadhi joto la mchana mpaka usiku.

Kivuli na upepo

Ili kuelewa kwa nini jambo hili ni zito, yafaa tutazame jua la kwetu linavyokwenda. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua la adhuhuri huwa karibu na utosi, na mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na karibu na Oktoba, hupita juu ya kichwa kabisa. Maana yake ni kwamba sehemu ya nyumba inayopigwa zaidi ni paa. Baada ya paa ni kuta za mashariki na magharibi, kwa kuwa asubuhi na jioni jua huwa chini na huingia moja kwa moja dirishani. Upenu mfupi hauwezi kulizuia. Kuta za kaskazini na kusini ndizo zenye bahati. Upenu wa hatua moja tu huzitosha.

Kwa hivyo nyumba iliyolala kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yake makubwa yakitazama kaskazini na kusini, huanza maisha yake ikiwa na nafuu ambayo haikumgharimu mwenyewe hata shilingi. Nyumba hiyo hiyo ikigeuzwa upande, kwa saruji ile ile na mabati yale yale, inakuwa tanuri.

Halafu kuna upepo. Watu wa pwani tumejaliwa pepo mbili kubwa ambazo mabaharia walizitegemea karne nyingi kabla ya meli za injini: kaskazi, ivumayo kutoka kaskazini mashariki tangu karibu Desemba hadi Machi, na kusi, ivumayo kutoka kusini mashariki tangu karibu Aprili hadi Oktoba. Joto la Mombasa si kali sana ukililinganisha na la Garissa au Lodwar. Mwezi wa Februari na Machi ni nyuzi 32 au 33 za sentigredi mchana, na usiku hushuka hadi 24 au 25. Kinachotuua ni unyevu. Jasho halikauki. Na jasho lisipokauka mwili haupoi, hata kipimajoto kikisema nini.

Upepo ndio unaolikausha. Wataalamu hukadiria kwamba hewa inayokwenda mwendo wa mita moja kwa sekunde, yaani upepo mdogo wa kutikisa pazia, humfanya mtu ahisi kana kwamba joto limepungua kwa nyuzi 3 hivi. Feni hufanya kazi hiyo hiyo, lakini feni haileti hewa mpya. Inakoroga iliyopo. Ikiwa kuta na dari zimekuwa moto, feni inakupulizia moto.

(Majirani zetu wa Zanzibar na Dar es Salaam huiita feni ya darini "pangaboi". Neno hilo lina asili ya Bara Hindi, enzi za ukoloni, ambapo mtumishi aliajiriwa kuvuta kamba ya pazia kubwa lililoning'inia darini ili bwana mkubwa apate upepo. Mtumishi alikwenda zake, mashine ikarithi jina lake.)

Mawe ya Lamu

Kuna watakaosema kwamba nyumba ya udongo ni nyumba ya mnyonge, na kwamba mtu mwenye uwezo hawezi kurejea huko. Basi twende kwa wenye uwezo wa zamani.

Mji wa Lamu, ambao shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, una majumba ya mawe yaliyojengwa na matajiri wa karne ya 18. Msanifu majengo Usam Ghaidan aliyachunguza na mwaka 1975 akachapisha kitabu kuhusu mji huo. Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi. Jiwe la matumbawe limejaa vijitundu vya hewa, na joto la mchana hulichukua saa nyingi kulipenya. Kabla halijafika ndani jua limekwisha kutua.

Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, na sababu yake ni ya kuchekesha kwa wepesi wake: boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka upana wa zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda. Lakini wembamba huo umekuwa neema, maana hakuna kona iliyo mbali na hewa. Vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, kuanzia msana hadi ndani, vyote vikipumua kwenye kiwanda, yaani uwanja mdogo wa katikati ulio wazi juu. Upande wa barabarani kuta karibu hazina madirisha. Watu husema hiyo ni kwa ajili ya stara ya wanawake, nayo ni kweli, lakini stara na ubaridi vilikwenda pamoja: dirisha lisilokuwapo haliingizi jua.

Jiko liliwekwa juu kabisa, chini ya makuti, ili moshi na joto viende zao mbinguni badala ya kuzunguka sebuleni. Nazo njia za Lamu ni nyembamba hivi kwamba punda wawili waliopakia mawe hupishana kwa taabu. Nyumba moja huitilia nyingine kivuli, na mahali pengine kuna wikio, chumba kilichojengwa kuvuka njia juu ya vichwa vya wapitao. Mtu anaweza kutembea Mkomani saa saba mchana akalikwepa jua karibu safari nzima. Jaribu kufanya hivyo katika mtaa wowote mpya wa Mombasa.

Mji wa Kale wa Mombasa ulichukua njia nyingine. Hapo, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, mafundi wenye asili ya Bara Hindi walitia roshani za mbao zinazoning'inia juu ya barabara, na madirisha marefu yenye vibao vinavyoinuliwa na kushushwa. Roshani huufanyia kivuli ukuta ulio chini yake. Vibao huingiza hewa na kulikataa jua, na aliye ndani humwona apitaye bila ya kuonekana. Sijui uvumbuzi mwingine wa dirisha ulioshinda huo kwa mji wenye joto.

Tumekosea wapi?

Sasa tazama jumba letu la Majengo. Paa lake ni zege bapa, ambalo hunywa jua tangu saa moja asubuhi na kuanza kulitapika ndani jioni, saa ile ile ambayo watoto wanapelekwa kulala. Kuta zake ni za matofali ya saruji ya inchi 6, wembamba ambao hauzuii kitu, na upande wa magharibi hazina upenu. Ukumbi wa katikati upo, lakini umefungwa kwa ukuta huku na huku, kwani mchoraji aliona ni hasara kuacha nafasi isiyolipiwa kodi. Kila nyumba ina madirisha upande mmoja tu. Hewa inaingilia wapi ikiwa haina pa kutokea? Nyumba ni kama chupa: huwezi kupuliza ndani ya chupa.

Na madirisha yenyewe! Yale ya kioo ya kusukuma kwa kando, ambayo siku hizi ndiyo fasheni, hayawezi kufunguka zaidi ya nusu, kwa kuwa kioo kimoja hukaa nyuma ya kingine. Umelipia dirisha zima na umepewa nusu ya upepo. Majengo ya Mombasa ya miaka ya 1950 na 1960 yalikuwa na matofali ya matundu kwenye ngazi na jikoni, yaliyopitisha hewa mchana na usiku bila kufunguliwa na mtu. Sisi tuliyaona ya kizamani.

Anayeshindwa kabisa hununua mashine ya baridi. Simlaumu, hasa mwenye mgonjwa au mtoto mchanga. Lakini mashine hiyo haiui joto, hulitoa chumbani na kulitupa nje, pamoja na joto la injini yake. Jirani asiyekuwa nayo hupokea. Mtaa wenye mashine mia moja hupashwa moto na mashine mia moja, juu ya lami na saruji ambazo tayari zimekosa miti.

Nayo si habari ya kukosa raha tu. Mwezi wa Mei mwaka 2010, mji wa Ahmedabad katika jimbo la Gujarat, India, ulipatwa na wimbi la joto, na watafiti walipohesabu baadaye waligundua kwamba vifo vya mwezi huo vilizidi vya kawaida kwa zaidi ya 1,300. Mwaka 2013 mji huo ukapitisha mpango wa kuwakinga wakazi wake na joto, na baadaye likaongezwa zoezi la kupaka mapaa ya nyumba za maskini rangi nyeupe. Chokaa tu. Paa jeupe lililo safi huakisi sehemu kubwa ya jua kabla halijageuka kuwa joto, ilhali bati lililoota kutu hulinywa karibu lote. Wazee wetu waliopaka chokaa kila mwaka hawakuwa wakijipamba bure.

Kiafrika hasa

Mfano ambao hutajwa sana ni wa Harare, Zimbabwe, ambako jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate lilifunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alisema alijifunza kutoka kwa kichuguu cha mchwa. Usiku feni huvuta hewa baridi ya nje na kuipitisha katika sakafu zenye uwazi ndani yake, zege likapoa. Mchana zege hilo hupoza hewa inayoingia ofisini, na ile iliyochakaa hupanda na kutokea kwenye dohani za juu. Jengo hilo halikuhitaji mitambo ya kawaida ya kupoza hewa.

Naomba hata hivyo tusikimbilie kuiga. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi kweli. Mombasa usiku haina baridi ya kuweka akiba. Mwenye kufaidika na dawa hiyo ni mtu wa Nairobi, na tayari mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulifungua ofisi mpya pale Gigiri ambazo hupata hewa kupitia madirisha na uwazi mpana wa katikati unaoipandisha hewa ya moto. Ukuta mzito na hewa ya usiku ni dawa ya nyanda za juu, na ya Lodwar pia, ambako hewa ni kavu. Dawa ya pwani ni kivuli na upepo.

Nimewauliza mafundi wawili watatu kama mambo haya yanaongeza gharama, nao wamenijibu jibu la fundi: yategemea. Kuielekeza nyumba vyema si gharama. Kuweka dirisha mkabala na dirisha si gharama, wala kuacha kipenyo chenye vibao juu ya milango ya ndani ili hewa ipite hata mlango ukifungwa. Upenu mrefu unataka mabati zaidi kidogo. Chini ya mabati ni lazima pawe na dari, na baina ya dari na mabati paachwe matundu ya kutolea hewa pande zote mbili, la sivyo umejenga oveni juu ya kichwa chako. Mwenye paa la zege anaweza kulifanyia kivuli kwa banda la makuti au mabati lililoinuliwa juu yake, jambo ambalo wengi Mombasa wamelifanya na kupata pahali pa kuanikia nguo juu ya hayo. Upande wa magharibi panda mwarobaini au mkungu. Mti ni feni isiyolipiwa tokeni, ingawa utakungoja miaka mitano.

Vipingamizi vipo, tusidanganyane. Wavu wa kuzuia mbu hupunguza upepo, kwa hiyo anayeutia dirishani hana budi kulipanua dirisha, ama autie kitandani. Mlango wazi wa mbele na wa nyuma ulikuwa jambo jepesi wakati jirani alikuwa ndugu. Leo unataka mlango wa pili wa vyuma, na hata hivyo moyo hautulii. Makuti hushika moto upesi. Boriti hazipatikani kama zamani, na mikoko yenyewe twaihitaji isimame baharini. Na kiwanja cha mjini ni kidogo, na jirani hujenga hadi mpakani. Hata ukiweka dirisha zuri kiasi gani, likitazamana na ukuta wake kwa umbali wa mkono mmoja ni sawa na picha ya dirisha.

Haya yote yamenijia kichwani kwa sababu familia yetu imenunua kiwanja kingine Mtwapa, futi 50 kwa 100, na mwezi uliopita mchoraji alileta ramani. Ami aliikunjua mezani baada ya chakula cha mchana, wote tukaizunguka. Vyumba vinne, sebule kubwa, jiko la ndani, madirisha ya kusukuma. Mama alitia miwani akaitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole kutoka mlango wa mbele mpaka kilipogonga ukuta wa choo.

"Ukumbi uko wapi?" akauliza.

Mchoraji akamweleza kwa adabu kwamba siku hizi mambo hayo hayafanywi, mama, ni kupoteza nafasi. Mama akamuuliza yeye analala wapi mwezi wa Machi. Kijana akacheka, akakuna kichwa, akasema wanalala juu ya paa.

Ramani imerudishwa ikachorwe upya. Ukumbi umekubaliwa, na choo kimesogezwa kando. Baraza pia imekubaliwa, upana wa futi 8, lakini Ami bado anagombania uso wa nyumba: barabara iko upande wa magharibi, naye hataki kusikia kwamba nyumba yake itaipa barabara ubavu. Mama naye hataki kusikia habari ya dirisha la magharibi. Msingi ulikuwa uchimbwe kabla ya mvua, lakini mpaka naandika haya, fundi bado anangoja kuambiwa mlango utazame wapi.